Bendi Isiyo na Jina Juu ya Mpunga

Kaka yangu alinipiga kofi nikiwa nakuna nazi, damu ya pua ikadondokea kwenye sinia.

Kosa langu lilikuwa kaseti. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila aliporudi Likoni aliniletea muziki wa rok wa bendi ndogo ndogo za ng'ambo, vijana waliojirekodi wenyewe na kuuza kaseti zao mitaa ya karibu na bandari. Redio zetu hazikuwajua wala hazikutaka kuwajua. Wengine walipiga vibaya, na mimi nilipenda hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wasichana wenzangu walisikiliza taarab na nyimbo za mapenzi za Kihindi. Mimi nilitaka gitaa linalokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji.

Kaseti ya siku hiyo haikuwa na jalada wala jina. Mwanamke aliimba hadi sauti ikamkatika, naye akaendelea tu. Maneno yake sikuyaelewa yote, lakini hasira yake niliijua, maana nami nilikuwa nayo na sikuwa na pa kuiweka. Mjomba aliahidi kuniulizia jina la bendi safari ijayo. Nakala ilikuwa hiyo moja, hata yeye hakuwa na nyingine.

"Zima hayo makelele!" kaka alifoka. Alikuwa ametoka msikitini, kanzu bado mwilini. "Majirani wote wasikia. Wallahi leo nitakuvunja mkono."

"Vunja," nikamwambia.

Akaipiga teke redio kaseti, ikagonga ukuta na kupasuka pembe. Akaing'oa kaseti, akaingiza kidole, akauvuta utepe wote nje polepole huku akinitazama usoni. Hapo nikaona giza. Niliikunja mbuzi ya kukunia nazi niliyokuwa nimeikalia, nikampiga nayo. Meno ya chuma yakamchana kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Akanikamata nywele, akanibamiza mlangoni, jino likatoka. Nikamuuma kwa yaliyobaki. Sijutii hata leo.

Mama alitukuta sakafuni, nazi imemwagika, tumeloa damu. Hakuuliza nani aliyeanza. Alitutenganisha kwa mwiko, kisha akauokota utepe na kuuzungusha mkononi mwake.

"Huu utanifaa bondeni, kwenye mpunga wangu," alisema. "Nanyi mnaopenda vita, mtakwenda kupigana na ndege."

Kwetu, waliolima mpunga walifunga tepu za kaseti mbovu kutoka kijiti hadi kijiti; upepo ukipita zinavuma, ndege wanaogopa. Yangu haikuwa mbovu. Ikatandazwa shambani, na mimi na kaka tukaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, msimu mzima, yeye pembe ile na bandeji yake, mimi pembe hii na pengo langu. Hatukusemezana. Kila upepo ulipovuma niliusikia utepe ukilia, nikamchukia upya.

Baada ya mavuno nilikwenda kuufungua. Jua lilikuwa limeuchoma, unakatika vidoleni kama ganda la kitunguu. Kipande kimoja tu, kilichokuwa kivulini mwa mkorosho, kilikuwa kizima. Mjomba alikuwa ameshaacha bahari, na jina la bendi hakulileta. Nilikiunga kipande kile kwa selotepu ndani ya kaseti nyingine, nikaiwasha redio palepale jikoni, sauti juu kabisa, mlango wazi.

Kaka akaja. Alikuwa amekunja mikono ya shati, na kovu lilionekana lote. Nikaishika mbuzi.

Gitaa likakwaruza. Yule mwanamke akavuta pumzi, akaanza neno moja, halafu ukabaki mvumo wa kaseti tupu.

Kaka alisimama akingoja.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo uliyoniachia."