Mwaka Moto wa Krismasi Ulipohama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Lyamkena Krismasi haikuisha Desemba. Bibi, mama yake baba, hakuiruhusu iishe. Asubuhi ya sikukuu aliwasha moto mpya jikoni, akauombea, na moto huo ukalindwa mwaka mzima: jioni aliyafukia makaa kwenye majivu, alfajiri akayafukua. Alituambia kwamba moto uliowashwa siku aliyozaliwa Bwana ni wa kila apitaye. Ukimnyima mtu, unahama. Mchungaji alitabasamu akisikia hayo, maana hayamo katika Biblia, lakini sisi watoto tuliyaamini kuliko katekisimu.

Basi Julai moja, baridi ikiwa imeunguza majani ya viazi, alikuja mtu aliyetoka mashamba ya mkonge. Miaka ile ya Waingereza vijana wengi wa Ukinga walikwenda huko kuwa manamba, wakarudi kwa miguu wakipita kwetu. Huyu alikuwa amekonda, amejifunika gunia mabegani, na alikohoa mpaka akashika nguzo ya baraza. Alisalimu, "Kamwene," akaomba aote moto kidogo kabla ya kuendelea na safari ya kwao Bulongwa, huko Ukinga.

Baba ndiye aliyekuwa mlangoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, hakuwahi kutupiga. Ila mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu kwa ugonjwa wa kifua, na nadhani katika kikohozi kile baba alisikia kingine. Akamwambia kwamba nyumba hii ina watoto, asonge mbele.

"Haya, baba. Asante," alisema yule mtu, akageuka.

Nilikuwa nyuma ya baba, nimeshika koti lake. Nililiachia.

Bibi aliporudi kutoka kisimani akaelezwa, hakugomba. Alisema tu, "Basi umeufukuza," akaendelea kuchambua maharage.

Alfajiri jiko lilikuwa majivu matupu, yamepoa. Mama alichokora kwa kijiti, hata cheche hakuona. Kibiriti hatukuwa nacho, na duka lilikuwa mbali, Makambako. Nikapewa kigae cha chungu niende kuomba moto kwa jirani yetu Mama Eliza, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Nilitembea nikilia, kwa kuwa neno la Bibi lilikuwa limetimia.

Nilipoingia kwa Mama Eliza nilimkuta yule mtu ameketi kando ya mafiga, ana kikombe cha uji mkononi. Alinitambua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaeleza, nikitazama miguu yangu, kwamba moto wetu umezimika. Yule mtu ndiye aliyeweka kikombe chini, akachagua kaa kubwa kuliko yote, akatandika majivu kwenye kigae ili nisiungue, kisha akanipa.

"Wahi, mwanangu," alisema. "Baba yako asipate baridi."

Nyumbani nilimfikishia baba maneno hayo kama nilivyoyasikia. Aliketi kwenye kigoda, hakumtazama mtu. Mama alipouwasha moto hakusogea kuuota. Baadaye akachukua blanketi lake na baiskeli, akaenda kwa Mama Eliza. Walichozungumza sikukisikia, ila Mama Eliza alisema kwamba baba alipiga magoti. Alimpandisha yule mtu kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka barabarani, akamtafutia lori la kwenda Njombe. Kama alifika kwao, hatukujua kamwe.

Nilipokua niliwaza kwamba kufukia makaa ilikuwa kazi ya Bibi, na huenda jioni ile aliyaacha wazi kwa makusudi. Sikuthubutu kumwuliza, naye amekwisha kwenda zake. Wala sidhani jibu lingenipunguzia kitu. Aibu ya nyumba yetu haikuwa moto kuhama. Ilikuwa kwamba mtu tuliyemnyima alituonea huruma.

Krismasi iliyofuata baba alipangiwa kusoma kanisani habari za Mariamu na Yusufu waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Alipofika hapo sauti ilikatika, na mwenzake akamalizia. Watu walidhani ni mafua. Mimi, mama na Bibi tuliinamisha vichwa. Hata leo, somo hilo linaposomwa, ninainamisha changu. Wengine wanaiona Bethlehemu, mimi naona mlango wetu, na baba yangu, mtu mwema, amesimama katikati yake.