Plagi Nyeusi na Salamu Ndefu

Shule yangu iliishia darasa la nne, na huenda ndiyo sababu nilipenda kusoma plagi. Unaifungua kutoka kwenye injini, unaigeuza kwenye mwanga, unatazama ncha yake. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata joto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, pete za pistoni zimechakaa. Ikiwa na masizi makavu, mafuta hayaungui yote. Ikiwa kahawia, kama karanga zilizokaangwa na mtu mwenye subira, irudishe uende zako. Hayo niliyaandika katika daftari langu miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa Kinyakyusa, fundi wa gereji ndogo Mbeya. Chini yake nikaongeza: "Lakini mimi si mjuzi sana." Bado naona niliandika sawa.

Asubuhi moja liliingia lori kutoka Iringa, la tajiri mmoja wa mpunga mwenye duka pale mjini. Dereva wake alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mtu mzima kunizidi, na koti lake la sufu halikumtoka mwilini hata jua likiwaka. Tajiri alikuwa akimngoja pale gerejini.

"Lori langu halina nguvu milimani," tajiri aliniambia, "na petroli linakunywa kama ng'ombe. Nadhani huyu anauza petroli yangu njiani, anajazia mafuta ya taa. Fungua plagi, fundi. Ukikuta hivyo, leo hii kazi yake imekwisha."

Nikafungua zote sita. Zilikuwa nyeusi, masizi matupu. Nilisema tu kwamba mafuta ya taa huacha masizi ya namna hii. Ni kweli, huacha. Lakini nilijua tajiri atasikia nini.

"Petroli yenyewe umeinusa?" dereva akaniuliza.

"Nimeinusa, kaka. Sikupata harufu ya mafuta ya taa. Ila nina mafua."

"Haya! Nafukuzwa kazi kwa mafua ya Mnyakyusa!"

Mafundi wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Tajiri akachukua ufunguo, akasema lori lilale pale pale, kesho atatafuta dereva mwingine.

Mchana nilimenya ndizi zangu za kuchemsha nikafungua daftari. Nilitaka kuandika nilichokiona, kwa mpangilio, tangu lori lilipoingia. Hapo ndipo kalamu iliposimama. Lori liliingia, dereva akashuka, na injini hakuizima. Starta yake ilikuwa imekufa, na hendeli ya kuwashia kwa mkono ilishawahi kumrudi ikamtegua mkono, kwa hiyo alikuwa akiiwasha mara moja tu kwa siku, alfajiri. Injini ikiunguruma hivyo hivyo, alimsalimia tajiri. Akamsalimia mchomeleaji. Akamsalimia mama wa maziwa. Na salamu ya Kihehe si ya kupunga mkono: utaulizwa nyumba, watoto, ng'ombe, mahindi, na ukidhani imekwisha inaanza upya. Mtu aliyelelewa vizuri haikatishi. Mimi ndiye niliyemchelewesha kuliko wote, maana nilimuuliza habari za mama mkwe wake.

Injini ikiunguruma bila kazi muda mrefu, petroli huisha bure, na plagi hujaa masizi hata petroli ikiwa safi. Hilo nililijua. Na bila shaka alisalimia hivyo kila kituo tangu Iringa.

Nikaenda dukani kwa tajiri.

"Huenda nimekosea," nikamwambia.

"Asubuhi ulijua, mchana hujui?"

"Asubuhi nilijua nusu. Tujaribu tena, tajiri, kwa petroli ile ile iliyomo tangini. Uje mwenyewe uone."

Akakubali.

Kesho yake nilisugua plagi kwa brashi ya waya mbele ya wote wawili, nikapiga hendeli mwenyewe, tukaondoka watatu kuelekea Uyole, tukashika barabara ya Tukuyu inayopanda.

"Usisimame kumsalimia mtu," nikamwonya dereva.

"Hata mama mkwe wangu, uliyemuulizia sana?"

"Hata yeye."

Pale Uyole watu wenye magunia ya viazi walimpungia. Dereva akakaza macho mbele kama yuko msibani. "Watasema nimepata cheo," alinung'unika.

Katikati ya mlima, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, nikapiga kelele: "Zima!" Akazima papo hapo, akafunga breki, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilifungua plagi zikiwa za moto, kwa kitambaa. Ya kwanza kahawia. Ya pili kahawia. Ya tatu, ya nne. Ya tano imelowa oili. Ya sita kahawia.

Ile ya tano ningeweza kuifuta. Nilimpa tajiri ilivyo.

"Hapa pete imechakaa, hukukosea kulalamika juu ya nguvu. Lakini petroli iliyochanganywa isingeacha hizi tano hivi. Petroli hii ni safi. Kama siku nyingine alichanganya, plagi haziwezi kunieleza."

"Fundi," dereva akasema, "ungeishia kwenye 'safi', ungepungukiwa nini?"

Tajiri akacheka, mara ya kwanza. Akaigeuza plagi ya kahawia kwenye jua, kisha akampa dereva. "Pete ikibadilishwa, utapakia mpunga. Ila ukisalimia, zima injini."

"Na hendeli atapiga nani?"

"Huyo huyo unayemsalimia."

Nilidhani ni mzaha. Wiki chache baadaye nilikuwa Uyole nikinunua viazi, lori likasimama kando yangu. Injini ikazimwa. Dereva akashuka taratibu. "Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe, nami nikaitikia. Tukaulizana nyumba, watoto, mahindi, mafua yangu. Hakuharakisha hata neno moja. Tulipomaliza alitoa hendeli chini ya kiti akaniwekea mkononi.

"Umeitikia vizuri, mnyalukolo, ndugu yangu. Sasa zungusha."

Niliweka viazi chini. Mzunguko wa tatu, ikawaka.