Nilivyomtibu baba mkwe kuhara kwa mramba na chumvi, na mimi siruhusiwi kuonja

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa zangu kama bado mpo humu, shikamooni.

Nimekuwa nasoma nyuzi zenu za tangawizi, limau na vitunguu saumu, nikawa najiuliza kama na mimi nina la kusema. Shule niliishia darasa la nne kwa wamisheni, kwa hiyo mtanivumilia. Naandika niliyoyaona tu. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa karibuni kule Kamuli. Leo ni Kyerwa, wakati ule yote tuliita Karagwe. Mume wangu alikuwa Uganda kwenye vibarua. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe, baba mkwe na mdogo wake mume wangu.

Vijana naomba mnielewe hapa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutazamana. Nikisikia anakohoa njiani, mimi naingia migombani. Jina lake silitaji. Chombo chake siweki mdomo, wala kilichomo sionji. Haikuwa chuki, ni heshima, na kusema kweli mimi ilinipa nafasi ya kupumua.

Basi baba mkwe akashikwa na kuhara.

Mama mkwe akamchemshia mubilizi, yale majani machungu yanayoota nyuma ya nyumba. Kuhara hakukukata. Kesho yake macho yameingia ndani, sauti imekauka. Mvua ilikuwa haitaki kukatika, na Nyakahanga kwa wamisheni ni mbali, mgonjwa anabebwa kwa machela. Shemeji akatoka kwenda kutafuta wanaume wa kubeba.

Mama yangu mzazi alikuwa na dawa yake ya kuhara, ya jikoni kabisa: maji yaliyochemshwa, mramba na chumvi kidogo. Mramba ni maji ya ndizi mbivu kabla hayajachacha kuwa pombe. Nikamwambia mama mkwe.

Akanitazama. "Nani atakamua? Wewe?"

Swali lilikuwa la haki. Kukamua ndizi ilikuwa kazi ya wanaume, wanakanyaga kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, mwanamke hasogei. Nikasema sikanyagi, nitafikicha kwa mikono kwenye chungu.

"Sawa," akasema. "Lakini akifa na kinywaji chako tumboni, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Hakusema kwa ubaya. Mkamwana mgeni, mzee anakunywa cha mkono wake, halafu anakufa. Hata mimi nisingejiamini.

Nikashusha ndizi zilizoivia darini juu ya moto, nikamenya, nikafikicha na nyasi safi, nikachuja. Maji nikayafanya mengi kuliko mramba. Chumvi nikakadiria kwa vidole, kama mama.

Ila mama alikuwa anaonja kila mara. Mimi sikuonja, maana ni cha baba mkwe. Na chumvi ya pale ilikuwa ya mawe, ya kutoka ng'ambo, kali kuliko ile niliyoizoea.

Mama mkwe akaingia na kibuyu. Nikasikia mtu anatema. Kisha sauti dhaifu ikapita kwenye ukuta wa matete:

"Muulize huyo wa jikoni, ananitibu au ananikausha kama samaki?"

Nililia, sitaki kudanganya. Nikamweleza mama mkwe kwamba dawa hii lazima ionjwe, chumvi isizidi ya machozi. Kipimo chenyewe wakati huo nilikuwa nacho usoni.

Kisha akageuza kigoda chake, akaangalia mlangoni.

"Mimi nachunga kuku," akasema. "Kuku wa nyumba hii hawaaminiki."

Nikaonja. Nikaongeza maji, nikaonja tena mpaka ikakubali.

Akapewa funda moja moja, mchana kutwa. Akitapika mama mkwe anamwacha apumzike, kisha anaanza tena. Jua linakaribia kushuka mama mkwe akatoka kuniambia mzee amekojoa. Alilisema kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

Shemeji aliporudi na wanaume na machela yao, walimkuta amekaa. Akaagiza wapewe kahawa ya kutafuna. Halafu akaugeukia ukuta:

"Na yule wa jikoni atengeneze kingine. Ila aonje kwanza, kama alivyofanya."

Mama mkwe akachungulia kuku wake. Mimi sikuinua uso.

Sasa, je, ni mramba uliomponya? Sijui. Mama mkwe mpaka anakufa alisema ni mubilizi wake, na siwezi kumkatalia, maana mzee alikunywa vyote viwili. Pengine ugonjwa wenyewe ulikuwa umechoka.

Nilichojifunza ni kwamba dawa ya jikoni nayo ina kipimo, na anayemtengenezea mgonjwa lazima aonje, hata kama kuna heshima ya kuiweka pembeni kidogo. Na leo zahanati zipo, bodaboda zipo. Mtu akihara mpeleke, huku anakunywa njiani.

Wenye mama zao wa Karagwe, nyie kwenu waliwekaje chumvi? Na anayeona nimekosea aseme tu, nitasoma yote.