Katambuga Mlangoni

Kosa langu la kwanza katika biashara ya jimu lilikuwa kubandika mlangoni karatasi inayokataza katambuga. Niliichapa mara nne kwa sababu herufi hazikukaa sawa. Maneno yenyewe sikuyafikiria hata mara moja.

Jimu yangu iko Karatu mjini, kwenye chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Mazoezi nilijifunza mwenyewe kwenye simu, na kwa kuwa sina cheti, niliishi kwa hofu kwamba siku moja angeingia mtu anayejua kweli, akanicheka. Vyuma vyangu vya kwanza havikuwa hata vyuma. Vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Aliyevitengeneza ni rafiki yangu wa Endamarariek, mpakiaji wa vitunguu kwenye malori, aliyenizidi kama miaka kumi. Alikanyaga zege lile peku, akakataa malipo, akasema atajilipa kwa kunyanyua. Kila asubuhi, kabla ya malori, alikuja na wapakiaji wenzake, wote na katambuga zao za tairi. Hao ndio walionilipia pango mwaka wa kwanza.

Mimi nilitaka madereva wa watalii. Nikanunua Arusha mashine ya kukimbilia iliyokwisha kutumika, nikaweka vioo, nikapaka kuta rangi nyeupe, nikatandika zulia jeusi. Basi lile vumbi jekundu la katambuga likaninyima raha. Nilifuata nyayo za watu na kitambaa, moja baada ya nyingine, wenyewe wakiwa bado wananyanyua. Ndipo nikabandika karatasi.

Asubuhi hiyo rafiki yangu alinikuta mlangoni nikiongea na madereva wawili. Aliisoma karatasi taratibu, akavua katambuga, akazipanga ukutani kwa nje, akataka kuingia peku. Nikamwambia peku pia hairuhusiwi.

"Sasa mdogo wangu, niingie na miguu gani?"

Madereva wakacheka. Yeye pia alicheka. Na mimi ningecheka tu, yangeisha hapo. Badala yake nikasema, "Kanuni ni ya wote, kaka."

"Sawa, mwalimu," akajibu.

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile. Alivaa katambuga zake akaondoka, na haikupita wiki wenzake nao wakaacha kuja.

Madereva walikuwa watu wazuri, ila nilisahau jambo ambalo kila mtu Karatu analijua. Msimu wa wageni wana hela, lakini wako porini na wageni, kreta na Serengeti. Masika wako mjini, lakini hela haipo. Mashine nayo iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Nikabaki na chumba kisafi.

Nilijua natakiwa kumwomba rafiki yangu radhi. Nikaanza kuandika ujumbe kwenye simu. Niliandika "samahani", nikafuta nikaweka "naomba radhi", nikarudisha "samahani". Mara nikauona mfupi mno, mara mrefu mno. Siku nyingine nilimwona kwa mbali, yuko juu ya lori anapanga magunia, nikabadili njia kwa sababu maneno yangu yalikuwa hayajakaa vizuri. Ikapita miezi mitano hivyo. Homa ya mapafu ilimchukua ndani ya siku chache, nami nikapata habari siku ya mazishi. Ujumbe ule bado ninao.

Msibani, mke wake aliniuliza kama mimi ndiye yule wa mazoezi. Nikaitikia. Akaingia ndani, akatoka na raba nyeupe za mtumba.

"Shemeji, alisema siku hizi mazoezi yenu yanataka raba. Alizinunua mnadani, ila zilikuwa zinambana. Kila jioni alizivaa akazunguka hapa uani. Alisema zikilegea, anarudi."

Kumbe hakuwa amemwambia kwamba nilimfukuza. Nilitaka nitafute namna nzuri ya kulisema, kama kawaida yangu, nikajizuia. Nikamwambia palepale, vibaya, huku narudia maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alizifuta zile raba vumbi kwa upindo wa kanga yake, akazirudisha ndani.

Wiki ile nilikwenda kwenye malori nikawaambia wenzake vilevile nilivyomwambia mjane wake. Mmoja alinigeuzia mgongo. Watatu walirudi, wengine wakafuata baadaye, pamoja na walinzi wa hoteli waliotoka Soitsambu, nao wavaaji wa katambuga.

Karatasi niliibandua. Vioo niliviuza, zulia nikaling'oa, na chini sasa ni sakafu ya saruji. Bei ni moja kwa wote, vyuma ni yale makopo yake, na jimu inanibakizia zaidi ya wakati wa vioo. Watu wanaingia na katambuga zao. Mimi nafagia wakishaondoka.