Kidole Gumba cha Suleman

Mume wangu Suleman alinunua upinde mwaka 1998, na tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana. Haukuwa upinde wa kuvuta kwa mkono. Huu ulikuwa na kitako kama cha bunduki. Mshale unalala juu yake kwenye mfereji, unabonyeza kifyatulio, kwisha habari.

Suleman kazaliwa Durban, kama baba yake, na wanaume wa ukoo wao wote ni wawindaji. Kisha robota likamwangukia begani kwenye ghala moja la Mobeni, mtaa wa viwanda wa huko huko Durban. Mkono wa kulia ukabaki wa kushika vitu vyepesi tu, haupandi wala hauvuti. Bunduki ingempiga teke bega lile lile. Kazini wakamhamishia kwenye mashine inayoendeshwa kwa mkono wa kushoto, na huo ndio uliokuwa unatulisha. Nilikuwa naulinda kama yai.

Dukani alichagua kwa macho. Akautaka upinde mkali kuliko zote, akatia mguu kwenye kikuku cha mbele, akavuta ugwe kwa mkono mmoja. Haukusogea hata unene wa ukucha. Jasho likamtoka, nikamwambia mbele ya muuzaji aache ubishi. Tukachukua mwepesi zaidi, wenye mpini wa kuzungusha unaokaza ugwe polepole. Muuzaji alituonya jambo moja: mkono unaoushikilia upinde kwa chini usiache kidole gumba kipande juu ya mfereji, kwa sababu ugwe ukifyatuka unakikata. Suleman akajibu "sharp", yaani sawa, amesikia. Hakusikia chochote. Niliyesikia ni mimi.

Tukaenda bara, kwenye shamba ambalo mwenyewe alituruhusu swala mmoja. Nilifuatana naye kwa kuwa sikuwa na ubavu wa kukaa nyumbani nikisubiri simu. Tukajibanza nyuma ya kichaka, upinde umeegemezwa kwenye mti wenye panda. Akazungusha mpini, akapachika mshale.

Kwao kuna desturi. Mwindaji husema Bismillahi kwa sauti ndipo afyatue, na neno la mtu mwingine likiingia katikati, hushusha silaha akaanza upya. Bila hivyo nyama ile hawaigusi. Kwa hiyo ikishasemwa Bismillahi, waliobaki wote ni mabubu.

Swala akatoka, dume, ametulia, ubavu wazi. Suleman akaweka jicho.

"Bismillahi," akasema, na hapo hapo nikakiona. Kidole gumba cha kushoto kimepanda juu, kimeukumbatia upinde kama alivyozoea kushika bunduki miaka yote, kimelala kwenye njia ya ugwe.

Nikimgusa, atabonyeza. Nikipiga kelele, atashtuka na atabonyeza. Nikatoa sauti yangu ya jikoni, ya kila siku.

"Baba Tahira, chai inapoa."

Akashusha upinde. Hakufikiri, mwili wenyewe ulishusha, kama baba yake alivyomfundisha. Swala akatutazama, akatimka.

"Eish, Mama Tahira," akasema kwa hasira. "Umeniharibia."

Nilikionyesha tu kile kidole. Akakitazama, rangi ikamtoka usoni.

Upinde ulishakazwa na haulegezwi ila kwa kufyatua, ilibidi mshale utolewe. Akakishusha kidole chini, akaniuliza kama kimekaa sawa, akaniuliza tena, ndipo akalenga kichuguu cha udongo na kufyatua. Ugwe ukapita kwa mlio mmoja, pale pale kidole kilipokuwa. Nikalia bila kuficha.

Tulirudi bila nyama, mimi nikiendesha gari. Njia nzima Suleman alikuwa amekishika kidole gumba kwa ule mkono wake mbovu.