Siku Pascalia Alipotoa Viti Nje

Katika maboma yote ya upande ule wa Bukura, hakuna mwanamke aliyejua kukaribisha mgeni kama Pascalia, na hilo ndilo lililomponza.

Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya udongo, kipande cha shamba na binti yao Mitchel, ambaye miguu haijawahi kumbeba wala mdomo kutoa neno. Ukiita jina lake hugeuza kichwa na kutabasamu, basi. Alipokuwa mdogo, kumbeba mgongoni hakukuwa shida. Sasa ni msichana mzima mwenye aibu zake, na mgongo wa mama umeanza kugoma. Pascalia akienda kupalilia miwa ya watu humfungia ndani kwa kufuli. Jioni humkuta palepale alipomwacha, amelowa, nzi wamemjaa, macho yako mlangoni. Kilio cha Pascalia kilikuwa kimoja tu: kiti cha magurudumu, amsukume binti yake hadi kando ya shamba, afanye kazi huku akimwona.

Mwaka jana nafasi ilikuja. Afisa wa huduma za jamii alikuwa akipita kukagua nyumba zenye shida. Mtu mwingine angemwacha akute shida. Si Pascalia. Mgeni aingie nyumba isiyo na kiti? Akaazima sofa za jirani yake Khalayi, pamoja na vitambaa vya kufuma na chupa ya chai yenye maua. Akachinja kuku wake wa pekee, akasonga obusuma, ugali wa kwao, akampa afisa firigisi kama heshima ya mgeni inavyotaka. Mitchel alioshwa, akapakwa mafuta, akavalishwa rinda la Krismasi. Afisa alikula, akasifu, akaaga. Majina ya watakaopewa viti vya magurudumu yalipotoka, la Mitchel halikuwepo. Mzee wa kijiji alipoulizia, aliambiwa familia ile inajiweza. Yaani mtoto alinyimwa kiti kwa sababu ya sofa ya jirani.

Ndiyo maana mzee wa kijiji alipotangaza kuwa kuna madam kutoka chuo kikuu cha mjini anakuja kuongea na walezi wa watu wenye ulemavu, Khalayi alifika mbio.

"Mama Mitchel, safari hii wacha maringo. Toa kila kitu nje. Na huyo mtoto usimuoshe."

"Nisimuoshe namna gani, na mgeni anakuja?"

"Wewe unaoshanga, wenzako wanapatanga."

Pascalia akapiga moyo konde. Akatoa stuli na meza ndogo, akavificha nyuma ya jikoni. Akatandika gunia sakafuni, akamlaza Mitchel akiwa na rinda la jana, lililonuka mkojo. Mitchel hasemi, lakini akili yake iko. Alilitazama rinda safi lililoning'inia kwenye kamba, akamtazama mama yake, kisha akaanza kulia kwa ile sauti yake ya kooni. Pascalia akatoka nje ili asimsikie. Mimi simtetei. Alijua anachofanya na akakifanya.

Madam alikuwa msichana mpole aitwaye Emily, viatu vimejaa matope. Harufu ilimpokea mlangoni, lakini aliingia, akaketi sakafuni kando ya gunia. Akaeleza kwamba anafanya utafiti, anataka kujua walezi hupitia nini wanapotafuta huduma, na kwamba hana msaada wowote wa kugawa. Pascalia aliyasikia hayo kama watu wanavyosikia sala kabla ya chakula: lazima isemwe, kisha sahani zije. Akaitikia ndiyo kila mahali. Emily akawasha simu irekodi.

Pascalia akafunguka. Alisema habari za mgongo wake na za kufuli. Alisema jinsi alivyombeba Mitchel hadi barabarani, na watu wa bodaboda wakakataa kumpakia, na jinsi walivyofika mjini hatimaye wakaambiwa daktari wa kupima ulemavu hayuko. Hata ile ya sofa aliisema, akacheka peke yake. Emily hakucheka. Alikuwa akifuta machozi, na machozi yale yakampa Pascalia matumaini makubwa. Aliyelia hivi hawezi kutusahau, alijiambia.

"Asante sana, mama," Emily akasema mwishowe. "Na usiwe na wasiwasi. Yote uliyosema ni siri. Jina lako halitaonekana mahali popote, wala la mtoto."

"Halitaonekana?"

"Popote. Nitawapa majina mengine. Ndiyo sheria yetu, ya kuwalinda."

Pascalia alimkazia macho. "Sasa watajuaje ni Mitchel?"

"Hawatajua, mama."

"Hapana, madam. Wewe andika tu. Andika Mitchel. Andika ni hapa karibu na poshomili, mtu yeyote atawaonyesha. Mimi sitaki kufichwa. Huyu amefichwanga maisha yake yote."

Emily akainamisha kichwa. "Mimi si wa kuandikisha watu. Nilisema pale mwanzo. Naweza kukuelekeza kwa ofisi ya..."

"Hiyo ofisi naijua."

Emily aliaga kwa sauti ndogo, na alipokwisha kupotea njiani ndipo Pascalia alipokumbuka kuwa hakumpa hata maji ya kunywa. Hakuwahi kumfanyia mgeni hivyo. Aliona aibu.

Baadaye alibandika maji. Akamwosha Mitchel polepole, akampaka mafuta, akamvisha lile rinda safi, akarudisha stuli na meza ndani. Akapika uji mzito anaoupenda. Mitchel alifunga mdomo, akaugeuzia ukuta uso wake.

"Mitchel," mama yake akaita.

Kichwa hakikugeuka. Pascalia alipiga magoti na kikombe mkononi, akaita tena.