Makaa Yaliyopwelewa Paragwai

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, na ramani ya dunia nimeiona mara chache, tena kwenye kuta za watu. Kwa hiyo Paragwai sikuijua kwa vitabu. Niliijua kwa makaa. Makaa yake mazito, ukiyagonganisha yanalia kama vigae, na yakishika moto hayana haraka. Hapa Al Qusais, ugenini kwa Waarabu, nimechoma nyama kwa makaa hayo tangu ndevu zangu zina weusi. Kabla yake tulikuwa na mengine, ya wapi sijui, yakirusha cheche utadhani yana ugomvi na mtu. Mpishi mwenzangu yalimtobolea kanzu ya Idi. Nilimwambia, bwana we, kanzu ya Idi na jiko wapi na wapi? Hakusikia. Haya, tuyaache hayo.

Taabu ilianza makaa yalipokaribia kwisha na kontena halijafika. Arbab wetu, mwenye mkahawa, alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuleta jiko la gesi. Akinipita hapo jikoni huniambia, "Mzee, gesi haina majivu, haina moshi, haina maneno." Ya maneno alikuwa akinisema mimi. Nami nilijua fika: gesi ikiingia, mchomaji hahitajiki, mtu yeyote atazungusha kifundo. Na mzee wa umri wangu akikosa kazi katika mji huu, viza yake ikiisha nani atamwandikia nyingine? Basi nilikuwa nikilingoja lile kontena kama mtu anayengoja daktari.

Nikampigia simu dada mmoja Mganda, anakaa ofisi ya ghala huko bandarini Jebel Ali, kwa hao wanaotuletea makaa. Mtu mwema, mcheshi, ila Kiswahili chake kinatembea kwa magongo.

"Mzee wangu, ssebo, hiyo kontena iko bado kwao," akasema. "Maji ilirudi chini. Boti zimekaa kwa mchanga."

"Maji yamekupwa?"

"Eeh, hivyo hivyo. Ilikupwa."

"Alaa! Basi si neno."

"Si neno namna gani, mzee?"

"Maji kupwa, maji kujaa, mama. Ndiyo kazi yake."

Akacheka. "Haya, kama wewe unaijua hiyo maji, mimi ni nani."

Sasa msinicheke na nyinyi. Mimi nimezaliwa Lamu. Kwetu chombo kikipwelewa, yaani maji yakatoka kikabaki juu ya mchanga, hakuna anayelia. Watu wanachemsha chai, wanasengenya wasiokuwepo, maji yakirudi wanaondoka. Na kikikaa pabaya kabisa hungojwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, nayo hukinyanyua kama mama anyanyuavyo mtoto. Nikatoka nje nikatazama juu. Mwezi ulikuwa umeshanenepa. Roho ikatulia, nikamwendea arbab.

"Sir, vyombo vimepwelewa huko. Nipe mpaka mwezi upevuke, makaa yataondoka."

Arbab akanikazia macho. "Mzee, hii biashara au Ramadhani? Tungoje mwezi uandame ndio tule?"

"Mwezi huu tu, sir."

"Inshallah. Ukipita, khalas. Gesi."

Mwezi ukapevuka. Nilikuwa naupima kila nikienda kumwaga majivu. Ukapita, ukaanza kuliwa upande mmoja, wala hakuna habari. Nikampigia tena yule dada, na safari hii sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mzee, maji bado."

"Bado vipi, na bamvua imeshapita?"

"Bamvua ni nani?"

"Maji makubwa! Ya bahari!"

"Lakini huko hakuna bahari, mzee. Hiyo nchi iko katikati, imezungukwa, kama kwetu Uganda. Hiyo ni mto. Inangoja mvua."

Mto! Nchi nzima haina hata ukingo wa bahari, na mimi hapa nahesabu mwezi! Nikamwambia anieleze yote, nisikie vizuri. Akasema makaa yanachomwa huko maporini kwenye barabara za udongo. Mvua ikinyesha malori yanazama matopeni, isiponyesha mto unapungua na matishari yanalalia tumbo. Sasa hao watu hufanya biashara lini? Na huo mto ukishapitika, unapita kwanza nchi za watu wengine mpaka kuifikia meli. Tena akaniongezea, wana bwawa la umeme kubwa ajabu, wao na jirani yao, hata umeme unawabakia wanauza. Nikapandwa na hasira. Watu wana umeme wa kuuza, barabara hawana! Wanakata miti wanatuletea makaa sisi, tulio katika nchi iliyokalia mafuta!

"Hawawezi kuuchimba huo mto ukawa na kina?"

"Mzee, mimi naishi Jebel Ali. Usinigombeze mimi."

Kweli, hakuwa na kosa. Nikamwomba radhi. Lakini nilikuwa nataka kumgombeza mtu, na Paragwai haina simu.

Gesi ikaja. Fundi aliyeifunga alitufundisha kabla chai yake haijapoa, na mimi nikahamishiwa nyuma, kukata nyama na kuzitunga. Kontena lilifika baadaye sana. Arbab hata magunia hakuyashusha. Akayauza kwa wenye vibanda vya shisha, yalla, yakaenda.

Tuna mteja mmoja Mzanzibari, dereva wa teksi, miaka yote akisema mishkaki ya gesi ni chakula cha wagonjwa. Siku ya kwanza ya gesi nilijibanza mlangoni nimtazame. Akala, akalamba vidole, akaniona.

"Shehe! Leo umezipatia. Nitilie nyingine."

Nilitaka kumwambia. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikaona akijua atasema tu "ah, kumbe," na aendelee kula.

Nikarudi ndani nikamtungia. Viza yangu inaisha joto likianza. Arbab hajasema kitu, nami sijamuuliza.